Jina Nililopewa Singe

Singe, Babati

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, goti limetulia, na mvua ya Tukuyu imekupa nafasi ya kutoka nje. Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka mpaka kwenye chai bila fimbo. Sikumwamini sana, maana najua husema hivyo ili nisihangaike, kwa hiyo naomba unijibu wewe mwenyewe: goti likoje? Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, amezaa? Huku kwetu sote ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo, na kila anayeniona anasema ndoa imenipokea vizuri, nami sibishi.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu, Baba, anayezungumza ni Mama. Wewe unapewa mwishoni, unasema, "Haya, haya, Mungu awabariki," kisha unamrudishia. Na ninayotaka kukueleza hayawezi kutosha hapo. Tena ni mambo ambayo katika watu wote ninaowajua ni wewe utakayeyaelewa mpaka chini kabisa, kwa sababu ulinipokea nikiwa na miaka sita, mtoto wa mwanamume mwingine, na sasa mimi nimepokea wawili.

Lakini kwanza niitoe furaha yangu, maana nikiibana itaniharibia mwandiko. Baba, nimeolewa na mtu mzuri. Nilijua ni mzuri tangu mwanzo, ila sikujua kwamba uzuri wenyewe ni wa kila siku, hata siku mashine inapoharibika na wateja wanamlalamikia. Jioni anarudi mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Anasimama mlangoni anajipiga makofi nguoni, unga unapaa, nami nacheka kila siku kama mtu aliyeona kitu kipya. Unakumbuka nilivyokueleza kwamba tulijuana dukani, nilipokuwa nauza vipuri kule mjini, naye akawa anakuja kununua mkanda wa mashine ya kusaga? Juzi nilikuwa nafagia stoo ya mashine, nikakuta mikanda mipya imening'inia kwenye misumari, haijawahi kufungwa popote.

Nikamwuliza, "Hii ni ya nini?"

Akasema, "Hiyo ni mahari ya kwanza. Wewe ulidhani ni mashine gani inakata mkanda kila wiki?"

Niliketi juu ya gunia la mahindi nikacheka mpaka wateja wakachungulia. Nisamehe kwa kukuandikia mambo kama haya, Baba, najua unasoma huku unajifanya unatafuta miwani.

Wewe hukuweza kuja harusini kwa sababu ya goti, kwa hiyo nikuchoree nyumba kwa maneno. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande mmoja na la zamani upande mwingine, imeutazama mlima Kwaraa. Asubuhi wingu linaukalia mlima kichwani kama kule kwetu linavyoukalia Rungwe, na siku za kwanza nilikuwa natoka nje nautazama mpaka chai inapoa. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mahindi lenye mbaazi katikati. Mahindi yakivunwa mbaazi zinabaki peke yake, zinachanua maua ya njano, na jua likiwaka asubuhi shamba lote linanukia. Ndizi za huku nazila kwa adabu tu, lakini mbaazi zao, Baba, hata wewe ungehama.

Sasa nije kwa watoto, maana barua hii ni yao.

Mkubwa ni Naomi, ana miaka kumi, mrefu na mkimya, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani hata akiwa hana. Mdogo ni Elia, ana miaka minne, naye hajawahi kunyamaza. Mama yao alifariki Elia akiwa bado ananyonya. Amezikwa Dareda, ambako ndiko nyumbani kwa pande zote mbili, na watoto wakabaki huko wakilelewa na bibi yao, mama wa marehemu. Mume wangu alikuwa anakwenda kila Jumapili na kurudi peke yake. Tulipooana akaomba watoto warudi Singe. Bibi akakubali kwa sharti, na sharti lenyewe alilisema mbele ya wazee: wataishi na sisi muhula mmoja, na shule zikifungwa yeye atakuja kuona kwa macho yake. Akimkuta Naomi hana raha, atarudi nao wote wawili Dareda, na hakuna wa kumbishia.

Mume wangu aliinamisha kichwa akakubali. Nami nilikubali kwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona Elia amelala kwenye benchi la kanisani siku ya harusi yetu, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, na moyo wangu ulikuwa umeshakwenda.

Elia hakunipa kazi. Alimsikia baba yake akiniita Tuse, naye akaniita Tuse. "Tuse, nibebe. Tuse, mbuzi wa jirani amenitazama vibaya." Naomi ndiye aliyekuwa mtihani. Usifikiri alinikosea adabu, hapana. Shikamoo yake ilikuja kila asubuhi, lakini ilikuwa shikamoo isiyo na mwenyewe, ilikuwa inaelea tu hewani nami naidaka. Hakuniita chochote. Alikuwa na akili ya kusema na vitu. "Maji yamechemka," anaiambia sufuria. "Daftari la hesabu limejaa," anauambia ukuta. Nikimtuma kwa jirani akaazime chekecheo, anafika anasema, "Nyumbani wanaomba chekecheo." Na wakati wa kula alikuwa anautazama upawa wangu. Watoto wenzake shuleni walikuwa wamemjaza hadithi za mama wa kambo anayewapa wanawe nyama na wa mwenzake mchuzi. Basi nikaanza kupakua nikiwa nimemgeuzia sufuria, aone vizuri mpaka chini, amalize ukaguzi wake ale kwa amani.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, Baba. Tumefundishwa kwamba moyo una vyumba vinne na damu inaingilia wapi inatokea wapi. Lakini hakuna kipindi tulichofundishwa namna mtoto anavyomruhusu mtu mpya kuingia katika nyumba aliyoishi na mama yake. Ikabidi nijifunze kwa kutazama. Nikajifunza kwamba kile kikombe cha bluu cha kabatini hakitumiwi, kinafutwa vumbi tu. Nikajifunza kwamba nikimwambia, "Weka ufagio hapa," uso unafunga, lakini nikimwuliza, "Ufagio wa nje huwa unawekwa wapi?" ananijibu upesi, tena kwa fahari, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji na mimi ndiye mgeni. Nikawa nauliza kila kitu, hata ninavyovijua. Mume wangu akasema, "Siku hizi unauliza maswali kama mtu wa sensa." Nikamwambia aniache, nipo kazini.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa, tena kwa furaha.

Jirani yetu ni Mama Josefu, anauza mboga kwenye uzio wetu, mwanamke mmoja mwenye maneno mpaka unasahau ulichokuja kununua. Wiki ile ile watoto walipofika aliniita kutoka nje: "Mama Naomi, chainizi za Sigino zimeingia, laini, njoo uone." Mwili wote ulinisisimka. Unajua wewe mwenyewe ilivyo, mwanamke akiolewa anangoja siku atakayoitwa mama wa mtu, na mimi nilidhani nitangoja sana. Nikaitika "Abee" kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni. Mtaa wote ukafuata. Mtoto wa kwanza wa nyumba ni Naomi, kwa hiyo mama wa nyumba ni Mama Naomi, nani angeona shida hapo? Mimi niliona fahari tu. Nilikuwa napita njia ndefu dukani ili niitwe na watu wengi.

Jumuiya ilipofika zamu ya kusali kwetu, nyumba ikajaa. Baada ya sala kiongozi akasema, "Tumshukuru mwenyeji wetu. Mama Naomi, hebu simama tukuone." Nikasimama nimevaa kile kitenge alichonishonea Mama, wanawake wakapiga vigelegele. Naomi alikuwa anapitisha chai. Aliweka birika chini, taratibu, akatoka.

Nilimkuta nyuma, katikati ya mbaazi. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu waje, akasema bila kupandisha sauti, "Mama Naomi ni mama yangu. Yuko Dareda."

Nikasema, "Ni kweli."

Akasema, "Wakikuita wewe hivyo, yeye wanamsahau."

Nilisimama pale na kitenge changu kipya, na vigelegele vyote vikanitoka masikioni.

Siku zilizofuata nilikuwaza sana wewe. Tukuyu nzima inakuita Baba Tusekile, ingawa baada yangu walikuja wa kwako wa kuzaa. Nikampigia Mama nikamwuliza ilianzaje. Akaniambia kwamba mlipooana watu walikuwa wanakuita mume wa Mama Tusekile, kwa kukutania, nawe ulikuwa unaitika tu na kuendelea na safari yako. Hukuniambia hata siku moja nikuite Baba. Ila siku moja nilitumwa kwenye banda la kupimia chai, karani akauliza umetumwa na nani, nikasema, "Na Baba." Karani akakueleza. Mama anasema ulirudi jioni na maandazi mengi kuliko watu wa nyumbani. Maandazi nayakumbuka, sababu yake ndiyo sikuijua mpaka juzi.

Basi nikasema na mimi nitafanya hivyo, nitakaa bila jina mpaka mtoto mwenyewe atakapotaka. Nikazunguka mtaani kuwaomba watu wasiniite Mama Naomi. Na sababu sikuwaambia, kwa kuwa niliwajua: wangemweka mtoto kati na kumsema, "Wewe mtoto una kiburi, mama huyu anakupikia." Nikaona ni heri nionekane mimi wa ajabu.

Mama Josefu aliweka mikono kiunoni. "Kwa nini? Naomi amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Niite Tusekile tu."

"Mke wa mtu nikuite Tusekile, kama tuliyekuwa tunacheza naye rede utotoni? Siwezi. Basi utakuwa Mama Mashine."

Nikadhani ni utani. Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa linaniita Mama Mashine. Mume wangu alifurahi kuliko wote. "Na mimi ndiye baba yake kweli," akasema, "hata kelele amerithi kwangu." Tukacheka, na Naomi akatazama pembeni, lakini nilimwona shavu linamcheza.

Sikufikiri neno lile lingekwenda mbali. Huku kama kule kwetu, Baba, mwanamke akikataa jina la mtoto, watu wanasikia amemkataa mtoto. Nilikuwa nimeshughulika na Naomi mmoja tu nikasahau kuna masikio mengine. Wanaokwenda mnadani wakalibeba, wakalipeleka Dareda, na likafika kwa Bibi limeshaota mikono na miguu: mke mpya hataki kusikia jina la Naomi, anangoja azae wake.

Bibi hakungoja shule zifungwe. Nilikuwa nachagua mchele uani, adhuhuri, nikaona mwanamke mrefu anaingia, shuka mabegani, begi kubwa mkononi. Begi lilikuwa tupu, limejikunja, nikaelewa mara moja limekuja kujazwa nini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Nikuletee chai."

"Chai nitakunywa nikishajua nakunywa kwa nani."

Akakaa kwenye kigoda, begi magotini. Kwenye uzio Mama Josefu akaanza kunyunyizia mboga zake maji. Mtu mwingine akakimbia kumwita mume wangu, maana Singe hakuna kinachotokea peke yake. Na wakati huo huo Naomi akaingia kutoka shule, akasimama na mfuko wake wa madaftari begani.

Bibi akasema, "Nimeambiwa umekataa kuitwa kwa jina la mjukuu wangu. Ni kweli, au watu wananipotosha?"

"Ni kweli, Bibi. Niliwaomba wasiniite Mama Naomi."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa mdomoni, Baba. Neno moja tu, na mimi ningetakasika mbele ya mtaa mzima. Lakini nilimwona Naomi kwa pembe ya jicho, amekaza mkanda wa mfuko kwa mikono miwili. Alichoniambia kwenye mbaazi aliniambia mimi. Nikisema, atagombezwa mbele yangu, na mimi nitakuwa mtu wa kutoa siri zake. Nikasema, "Sababu ipo, Bibi, lakini si yangu peke yangu kuisema."

"Basi na mimi sina la kuuliza tena. Naomi, kusanya nguo zako na za mdogo wako."

Mume wangu akaingia anakimbia, mweupe kichwa mpaka miguu. Bibi akainua mkono. "Simama hapo hapo, usinipake unga."

"Mama, tulikubaliana shule zikifungwa."

"Tulikubaliana nione raha ya mtoto. Sasa nasikia mtoto hatakiwi."

Mchele ulikuwa bado mikononi mwangu. Niliendelea kuuchagua kwenye ungo, kumbe natupa mchele nabakiza mawe. Nilikuwa nafikiri jioni ile itakuwaje, nani atasema na sufuria, nani ataniambia mbuzi wamemtazama vibaya.

Naomi hakwenda kukusanya nguo. Alisema, "Bibi, mimi ndiye niliyemkataza."

"Ulimkataza nini?"

"Kuitwa Mama Naomi. Nilimwambia hilo ni jina la Mama. Akaenda kuwaambia watu wote waache. Hata kiongozi wa jumuiya alimwambia."

Mboga za Mama Josefu zilikuwa zinakaribia kuogelea.

Bibi akanigeukia. "Na kwa nini hukusema?"

"Ungemgombeza, Bibi."

"Ningemgombeza kweli," akasema. Akalitoa begi magotini akaliweka chini. Aliponyanyua uso alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Mimi ndiye wa kwanza kumwita binti yangu jina hilo. Nilikuwa nimempokea huyu mikononi, hata hajaoshwa, nikamwambia, pole na kazi, Mama Naomi. Mlipooana nikajua sasa litaitwa kwa mwingine, nikasema mimi ni mzee, ninyamaze, ndivyo dunia ilivyo. Halafu nikasikia limekataliwa, nikakasirika kuliko lingechukuliwa." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akiwa bado na machozi. "Hata sijui nilikuwa nataka nini."

Mume wangu alikuwa amepata michirizi miwili kwenye unga wa mashavu.

Bibi akapiga paja. "Lakini mtu hakai na watu bila jina. Na hilo la Mama Mashine nimelisikia tangu stendi, naona aibu mimi. Sasa huyu aitweje?"

Naomi alikuwa na jibu tayari, Baba. Nadhani alikuwa nalo kwa siku nyingi. Akasema, "Aitwe Mama Elia."

Baba yake akasema, "Lakini wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nina wangu. Elia hamjui Mama hata sura. Yeye ndiye hana." Kisha akanitazama, safari hii bila sufuria wala ukuta katikati. "Nimempa."

Bibi akauliza, "Umempa nani? Elia, au huyu?"

Naomi akafikiri. "Wote wawili. Kila mmoja nimempa mwenzake."

Sikumbuki nilifanya nini. Mume wangu anasema nilimwaga mchele wote, na kuku wa Mama Josefu waliingia kuusherehekea. Ninachokumbuka ni sauti ya Bibi: "Haya, Mama Elia, chai yangu iko wapi?" Nikaenda jikoni, nikamimina chai, nikagundua sijawasha hata moto. Ikabidi Bibi anywe maziwa.

Elia alikuwa anacheza kwa jirani wakati yote haya yanatokea. Alipoletwa akaelezwa, aliuliza swali moja: "Wangu peke yangu?" Dada yake akamwambia, "Wako." Akaenda mbio kwenye uzio kumweleza Mama Josefu, "Huyu ni Mama Elia. Elia ni mimi." Mama Josefu akamjibu, "Mwanangu, sikuwa nasikiliza, nilikuwa namwagilia mboga tu, lakini nimefurahi." Jioni ile alituletea chainizi zilizolowa vizuri sana.

Bibi alikaa na sisi siku kadhaa. Alinifundisha kupika mlenda wa huku, akaniambia nina mkono mzito wa chumvi lakini mwepesi wa mambo mengine. Siku ya kuondoka begi lake lilijaa unga wa dona na mbaazi kavu. Watoto walimsindikiza mpaka stendi, kisha wakarudi nyumbani, Baba. Wakarudi na sisi, kila mmoja na muwa wake, wanatema makapi njia nzima.

Sasa hivi ninavyoandika wako uani. Naomi ananiita Mama Elia, kama majirani wanavyoniita, na mimi kwa kweli sihitaji zaidi. Jana alipaza sauti kutoka nje, "Mama Elia, maharage yanaungua," nami sijawahi kukimbilia chakula kilichoungua kwa furaha kama ile. Elia anamtambia. Nilimsikia anamwambia, "Wako yuko Dareda, wangu yuko jikoni." Naomi akamjibu bila hata kuacha kufua, "Najua, si nimekupa mimi? Ukimsumbua nitamchukua."

Na usiku mume wangu ananong'ona jina hilo kama kwamba amelitunga yeye. Hilo pia jifanye hujalisoma.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo. Asubuhi Naomi alikuwa ananisaidia kuanika nguo. Akasema Jumamosi, tukienda Dareda kwa Bibi, atanipeleka kaburini kwa mama yake, kwa sababu bado hatujajuana. Nikamwuliza, "Utamwambia mimi ni nani?"

Akabana nguo ya mwisho kwenye kamba. "Nitamwambia, huyu ni Mama Elia. Atafurahi, maana alimwacha mdogo sana."

Nimekwisha kutayarisha kile kitenge cha Mama. Nitavaa hicho.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii yote ila pale pa mikanda, maana atapasimulia kanisani. Nisalimie mdogo wangu Ambakisye, umwambie asome, na shemeji yake anamwahidi kumfundisha kufunga mashine siku akija. Nisalimie shangazi Sekela, dada yako, na Babu mzaa Mama, umwambie huku nako kuna baridi asubuhi asidhani nimehamia jangwani. Mkweo anakupa shikamoo yenye unga mwingi. Naomi anasema nikuandikie kwamba anakusalimu, na anauliza kama chai inachumwa kwa mkono wa kulia au yote miwili. Elia amechora mstari hapa chini kwa penseli, anasema ni ng'ombe wako akiwa na ndama.

Jibu lako usipitishe kwa Mama kwenye simu. Liandike mwenyewe, hata liwe fupi, na juu ya bahasha uandike jina langu la huku. Nataka nilione kwa mwandiko wako.

Binti yako akupendaye,

Tusekile,
Mama Elia wa Singe